Kitabu Kilichomwelekea Hamisi

Harufu ya samadi mbichi iliyochanganywa na majivu hadi leo siipendi. Najua wapo wanaoisikia wakakumbuka nyumba ya bibi na maziwa ya mgando. Mimi nakumbuka darasa la pili, siku ya Ijumaa, wasichana tumeinama tunakandika sakafu kwa viganja ili vumbi litulie na funza wasituingie vidoleni, na Mwalimu Elineema amesimama mlangoni na fimbo yake ya mkole. Leo nina watoto wawili na nyumba yenye sakafu ya saruji, lakini harufu ile ikinipitia popote, vidole vyangu hujikunja vyenyewe kuficha kiganja.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Ikungi, kati ya mashamba ya alizeti na miamba mikubwa tuliyoitelezea mapumzikoni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mitumba ilianza kufurika minadani na sabuni zilirudi madukani, ila ruksa yenyewe ilikuwa haijalifikia kabati letu la vitabu. Darasa zima, watoto tumejaa hadi mlangoni, lilikuwa na vitabu vya kusomea tisa. Madawati walikalia wakubwa wa la sita na la saba. Sisi kila mmoja alikuja na tofali lake kutoka nyumbani, na tofali likishawekwa mahali lilikuwa halihami tena, kwa sababu kila Ijumaa tulikandika kulizunguka, na samadi ikikauka lilishikwa hapo hapo. Ulipokaa Januari ndipo ulipokaa mwaka mzima.

Tulisoma kwa makundi ya watoto wanane. Tulikaa duara, katikati gunia, na juu ya gunia kitabu kimoja chenye jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Aliyeruhusiwa kukigusa alikuwa mmoja tu, kiranja wa kitabu. Mwalimu alitaka vitabu vile vidumu, na vidole vyetu alivijua vizuri. Kiranja wetu aliitwa Hamisi, mtoto wa mwenye duka, aliyeanza shule akiwa tayari anajua kusoma na hakutuacha tusahau. Kitabu kilimwelekea yeye. Alipitisha njiti ya ufagio chini ya maneno, akasoma, nasi tukaitikia. Matofali yaliyokabiliana naye, ng'ambo ya gunia, yalikuwa mawili: langu na la Sada.

Sada alikuwa jirani yetu, tumelingana umri, miaka minane. Mama yake alikuwa amefariki, na aliishi na baba yake na mama wa kambo. Alikuwa na mwanya mpana na cheko kubwa kuliko mwili wake, cheko lililomletea fimbo nyingi kuliko makosa aliyofanya. Tulikwenda shule pamoja, tukarudi pamoja, na tukichapwa, mara nyingi tulichapwa pamoja.

Mwanzoni mwa Oktoba, upepo wa Singida ukitujaza mchanga midomoni, Mwalimu Elineema alitangaza kwamba mwisho wa mwezi kila mtoto angesimama mbele peke yake, kitabu mkononi, asome ukurasa atakaoutaka yeye mwalimu.

"Atakayeshindwa," alisema, "kesho yake anarudi darasa la kwanza, akakae na wadogo zake."

Mdogo wangu Juma alikuwa darasa la kwanza. Nilihisi masikio yanawaka.

Akatujaribu siku ile ile. Nilipoitwa nilikwenda mbele. Nikapewa kitabu, na mwamini msiamini, ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukishika tangu mwaka uanze. Nilikuta ukurasa nisioujua. Mama wa kitabuni anayetwanga nilikuwa nimemzoea kichwa chini, miguu juu, na wala sikuona ajabu. Nilidhani vitabu ndivyo vilivyo. Sasa alikuwa amesimama wima, na maneno yaliyo chini yake yalikuwa mageni kabisa. Nikafanya lililonijia, nikakigeuza kitabu juu chini. Maneno yangu yakarudi, yale yale. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusoma darasa lilipolipuka kwa kicheko, kwa maana hata mtoto anayetambaa anajua kwamba anayeshika kitabu kichwa chini ni mjinga.

"Rehema! Umekuja hapa kufanya maigizo?"

"Hapana, mwalimu."

"Lete mkono."

Nilipigwa viboko viwili kila kiganja. Siku ile nilijifunza kwamba kugeuza kitabu ni utovu wa adabu, na sikuthubutu tena. Sada alipoitwa baada yangu alikuwa ameshaona yaliyonipata. Alikishika wima kama watu wengine, akashindwa neno la kwanza, machozi yakadondokea ukurasa, na akachapwa kwa kulowesha kitabu cha serikali.

Mtaniuliza, na ubaoni je? Ubaoni mwalimu aliandika mwandiko wa kuunga, na ubao ulikuwa mmoja tu, hivyo tulinakili mbio mbio kabla hajafuta aweke hesabu. Mimi nilichora nilichokiona. Akilini mwangu mwandiko wa ubaoni ulikuwa wa kuandika na wa kitabuni ulikuwa wa kusoma, vitu viwili visivyojuana. Darasa la kwanza tuliimba irabu tu, bila kitabu, na hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Ubaya wake ni kwamba wiki ile shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Manyoni. Alikuwa na mgahawa karibu na stesheni, ana mtoto mchanga, na alikuwa akitafuta binti wa kumlea. Baba yangu hakuwa mtu mkali, ila alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

"Kama kichwa hakishiki, shule ya nini?" alisema tukiwa tunakula. "Aende na shangazi yake akalee mtoto. Angalau atajua kazi."

Mama hakuwa na kawaida ya kumjibu baba mbele ya wageni. Jioni ile aliweka mwiko chini. "Baba Rehema, mwalimu katoa mwezi. Na wewe toa mwezi."

Baba alimega tonge, akasema haya, mwezi, usizidi hata siku.

Asubuhi yake baba yake Sada alipita kumwamkia shangazi. Alikuwa amesikia, kwani kijijini kwetu nani asingesikia. "Kama ni binti unataka, dada, chukua wangu," alisema. "Huyo naye hajui kitu." Nyumbani kwao hakukuwa na mtu wa kuweka mwiko chini. Siku ya Alhamisi Sada alipanda basi amevaa gauni jekundu la mtumba alilonunuliwa na shangazi, na alikuwa na furaha kweli kweli.

"Nitaona treni," aliniambia. "Na wewe mwezi ukiisha uje."

Nilimjibu nitakuja. Kabla ya kuondoka shangazi alikuwa amemwambia baba kwamba jirani yake wa stesheni naye anatafuta mtoto kama mimi.

Sijui niielezeje hofu ya siku zile. Nililowesha mkeka ambao nilikuwa nimeshaacha kuulowesha zamani. Upepo ulipovuma kwenye mabati ya shule nilisikia treni, ingawa treni yenyewe sikuwahi kuiona. Kila Ijumaa nilikandika kulizunguka tofali la Sada lililobaki tupu, nikijua wiki nyingine imekwisha. Juma, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alifurahi kwamba nitakuja kukaa naye. Alikuwa ameniwekea nafasi kando yake, pamefagiliwa vizuri, na kila siku alinikumbusha. Nilimpiga, mama akanipiga mimi. Nilikuwa nikiokota karatasi za kufungia sukari nyuma ya duka la kina Hamisi nijifundishe, na nilizishika wima kama nilivyofundishwa na fimbo, na sikuona kitu.

Wiki ya mwisho Hamisi akashikwa na matubwitubwi. Asubuhi Mwalimu Elineema alikiweka kitabu juu ya gunia kama siku zote, kikielekea tofali la Hamisi ambalo halikuwa na mtu, akaenda zake kwenye makundi mengine. Tukabaki tunatazamana. Kukigusa kitabu hatukuruhusiwa, na kundi lisilosikika likisoma lilichapwa lote. Vikundi vingine vilikuwa vinavuma kwa kusoma, na mwalimu alikuwa ameshaanza kugeuza shingo. Nikafungia mikono yangu chini ya mapaja ili isiguse kitu, nikaanza kusoma. Wenzangu wakaitikia.

Nilisoma ukurasa ule wote. Nilipomaliza nikatambua kwamba darasa limekuwa kimya.

"Nani anasoma hapo?"

Vidole vitano vilinyooka kwangu. Mwalimu alikuja taratibu na fimbo kwapani. Sikusubiri kuambiwa, nikanyoosha mkono mwenyewe na kufumba macho. Fimbo haikuja.

"Endelea," alisema.

Aliinama akafunua ukurasa mwingine, mbele kabisa, ambao Hamisi hajawahi kutufikisha, na kitabu akakiacha palepale kilipo. Nikausoma. Akafunua mwingine. Ndipo akakusanya kitenge chake akakaa kwenye tofali la Sada, begani kwangu kabisa, nikasikia harufu ya maandazi aliyokuwa akituuzia mapumzikoni. Akakitazama kitabu kutoka pale tulipokuwa tunakitazamia sisi. Akasema neno kwa Kinyiramba, lugha ya kwao Ulemo, ambalo sikulielewa.

"Tangu Januari?" akaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Siku zilizobaki nilikosa kucheza. Kila mapumziko nilikaa kando ya ndoo yake ya maandazi, naye alikizungusha kitabu kidogo kidogo, leo kiasi hiki, kesho zaidi kidogo, mpaka yule mama anayetwanga akasimama wima na maneno yake yakasimama naye. Siku ya mtihani nilisoma. Sikusoma vizuri, nilisoma kwa kuhema, lakini nilisoma ukurasa mzima kitabu kikiwa mkononi mwangu. Mama alipoambiwa aliingia ndani akatoka na yai, nikalila peke yangu Juma akitazama. Baba alisema, "Haya, basi," na safari ya Manyoni haikutajwa tena.

Ijumaa iliyofuata mwalimu aliagiza majembe. Tulibandua matofali yote tukayapanga upya, mstari nyuma ya mstari, sote tukitazama upande mmoja. Alipofika kwenye kundi letu akauliza hilo lililobaki ni la nani.

"La Sada, mwalimu," nilimjibu mimi mwenyewe, haraka. "Kaenda Manyoni."

Alilitazama tofali lile. Kisha akasema, haya, litoeni.

Miaka mingi baadaye basi letu lilisimama Manyoni tule. Niliingia kwenye kibanda cha chai, na mama aliyekuwa akisukuma chapati ng'ambo ya meza aliponicheka kwa kusitasita kwangu mlangoni, nililijua cheko lile kabla sijaona mwanya. Tulikumbatiana, unga ukanijaa mgongoni. Tukaulizana watoto. Nikafungua gazeti langu mezani nikisubiri chai, naye, mikono ikiendelea na chapati, akasoma kichwa cha habari kwa sauti kutoka upande wake, akashuka hadi mistari midogo ya chini, akasikitika juu ya bei ya alizeti.

"Sada," nilisema, "kumbe ulikuja ukasoma?"

"Nani, mimi? We! Niliishia la pili, si unajua. Kusoma sijui. Nikilishika mwenyewe sioni kitu." Akacheka. "Nasomaga tu la mtu aliyekaa mbele yangu. Wateja wananishangaaga."

Mikono yangu ilijikunja chini ya meza. Utotoni niliamini kwamba mimi ndiye niliyejua, na kwamba Sada hakujua kitu, kama alivyosema baba yake. Haikunijia kamwe kwamba tulikaa bega kwa bega, tukatazama kitabu kile kile kutoka upande ule ule. Hayo niliyaelewa pale, mbele ya chapati. Lakini ningependa kuwaambia pia kwamba siku ya majembe niliishia kusema kaenda Manyoni, nisimwombe mwalimu amrudishe, kwa sababu ya utoto tu, na si kweli. Nilijua kwamba Sada akirudi, mtoto wa shangazi atahitaji mlezi, na nilijua baba angemtafuta wapi.

Niliona haya, na niliogopa, mtu mzima mimi, vile vile nilivyoogopa darasa la pili. Konda akapiga kelele. Sada akanifungia chapati mbili za njiani, akakataa kulipwa, na nikapanda basi bila kumwambia kwamba kusoma anajua.