Karavani Isiyo na Komeo kwa Ndani

Anayetaka kusema nilipigwa na jua aseme sasa, amalize, halafu aniache niongee. Maana hapa Mikumi kila mtu ana maelezo yake. Wengine wanasema ni harufu ya rangi na thina iliyonipanda kichwani. Wifi yangu yeye anasema natafuta umaarufu. Umaarufu wa nini, jamani? Mimi sinywi, sivuti, na siku hiyo nilikuwa nimekula ugali wangu na mlenda nikashiba. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosi, adhana ya adhuhuri imeshapita, nguo za wifi zimeanikwa kambani. Nilichokiona nilikiona, na nakisimulia hivyo hivyo bila kutia chumvi.

Kwanza ujue kazi yangu. Mimi na mwenzangu Tatu tunafufua karavani. Unazijua? Vile vijumba vya bati vyenye magurudumu mawili, ambavyo watu wa zamani walikuwa wakivivuta nyuma ya gari wakienda kulala porini. Huku kwetu zilibaki kadhaa. Nyingine ziliachwa na wajenzi wa barabara, nyingine sijui zilifikaje, zimegeuzwa mabanda ya kuku. Tatu ni fundi wa kuchomelea, alijifunza kwa baba yake. Mimi ni mtu wa cherehani, nilianza kwa kushona mapazia na mito tu. Lakini siku niliyoshika bisibisi nikabandua ubao wa ndani, nikaona jinsi fundi asiyenijua alivyopanga vijiti vyake kabla mimi sijazaliwa, we acha tu. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyompenda mume wangu, na mume mwenyewe alishaniacha. Tunafungua kila kitu, tunapiga msasa, tunapaka rangi, tunarudisha. Wanaume wa stendi wanatuita mafundi wa vibanda, wanacheka. Wacheke, meno ni yao.

Karavani ninayokusimulia haikuwa ya kuuza. Ilikuwa yangu, ya kuishi. Tangu niachike nilikuwa nakaa kwa kaka yangu, chumba kimoja na magunia ya mahindi, na mlango ambao wifi anausukuma bila hodi kila anapotaka kuchota mahindi yake. Niko nusu uchi, nalia, nasali, yeye haoni tabu. Nilikuwa nataka mlango, basi. Mlango mmoja nitakaoufunga mwenyewe kwa ndani, na anayetaka kuingia aombe. Kama hujawahi kuishi kwa watu hutanielewa.

Tuliipata Kilosa, kwa mzee mmoja. Jina lake nalijua, ila silitaji kwa ajili ya wajukuu zake. Mzee wa heshima, mtaa mzima unamwamkia. Karavani ilikuwa nyuma ya nyumba yake, imezungukwa na kuni. Yeye alitaka geti, Tatu akamchomelea geti, karavani ikawa yetu. Tulipokuwa tunaifunga kwenye gari akatupa wosia: mlango tusihangaike nao, umeshika kutu, tukate paa, tuchukue mabati, mengine tuchome moto. Nikamwona mzee wa ajabu. Nani anaingia nyumbani kwake kwa paa?

Dereva wa pikapu alilalamika njia nzima kutoka Kilosa. Kila kilima gari linaguna, anashuka, anaangalia nyuma. Akatuuliza tumepakia nini humo ndani. Tukamwambia hamna kitu, ni tupu. Akasema basi huo utupu wenu una uzito. Kuiingiza uani kwa kaka ilibidi tuwaite vijana wa bodaboda waje kusukuma, na walihema.

Sasa, sisi tuna desturi yetu. Kabla hatujaigusa karavani yoyote, Tatu anagonga ubavuni na kupiga hodi. Watu wanadhani ni ushirikina, kumbe ni akili tu. Humo hukaa nyoka, nyigu, popo, na unawapa nafasi wajiondokee. Ukigonga lazima usikie kitu kinakimbia, hata mjusi. Hii alipogonga, kimya. Hata panya hakuna. Halafu siku zote tunaanza na mlango, tunautoa kwenye bawaba ili nyumba ipumue. Huu ulikuwa umezibwa pembeni kote kwa ukanda wa bati na ribiti, vile vipini vya kushikiza mabati. Tukazitoa ribiti zote, ukakataa. Tatu ni mwanamke wa nguvu, aliuning'inia mtaimbo mpaka ukapinda. Tukakubaliana tuingie kwa chini, tufungue sakafu.

Kesho yake Tatu akaenda dukani kutafuta ribiti mpya. Mimi nikaiinua karavani kwa jeki, nikaikazia magogo, nikalala chali chini yake na spana mkononi, skrubu nimezibana mdomoni. Kutoka pale nilikuwa naona ua mzima usawa wa ardhi. Geti limefungwa. Ndoo, jiko, miguu ya kuku. Nikasikia mtu anapiga hodi.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu mstaarabu. Nikajibu karibu, kama ambavyo na wewe ungejibu, kama anavyojibu kila mtu aliyelelewa. Hodi ikija, karibu inatoka yenyewe, huitafuti. Ikaja tena. Nikatema skrubu, nikasema karibu, kaa hapo kivulini nakuja. Ikaja ya tatu, na mimi subira sina, wanaonijua wanajua. Nikafoka, "Si nimeshasema karibu? Unataka nikutumie kadi? Pita!"

Ndipo nikageuza kichwa nitazame miguu ya huyo mgeni. Hakuna miguu. Kuku tu.

Halafu mbao za sakafu, hapa juu ya pua yangu, zikabonyea.

Niamini. Zilibonyea mahali pa unyayo mmoja, kisha pa mwingine, vumbi likanimwagikia machoni, na hatua zikaenda taratibu mpaka mlangoni. Mlango ule ule uliopindisha mtaimbo ukafunguka kwa mlio mdogo tu. Miguu miwili ikashuka kwenye mchanga mbele ya uso wangu. Najua unachosubiri, unasubiri niseme kwato. Hapana. Ilikuwa miguu ya mtu, ya mwanamke, peku, na nyayo laini kama za mtoto ambaye hajaanza kutembea.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilitoka. Ningekaa kule chini mpaka lini?

Alikuwa mdogo kwangu. Kanga imepauka hata maua hayaonekani, midomo imepasuka. Akaniamkia shikamoo dada, nikajikuta naitikia marahaba. Akaomba maji. Nikampa kwenye kikombe cha bati, akanywa, akaomba mengine, akanywa, mpaka jagi likaisha. Na kila aliponirudishia kikombe kilikuwa kikavu, na vumbi ndani, kama kilichosahauliwa juu ya kabati. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini humo. Badala ya kujibu akarudi mlangoni, akapapasa upande wa ndani kwa kidole.

"Aling'oa komeo, akaliweka nje," akasema. "Alisema atanifungulia nikishika adabu."

Woga ukanitoka pale pale, nakuapia. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa yanavuma. Adabu! Mimi nalilia mlango wa kufunga kwa ndani, kumbe kuna mtu alimnyang'anya mwenzangu mlango huo huo, skrubu kwa skrubu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwao, Vidunda, mama yake hajui aliko. Akatembea mpaka kwenye geti la kaka, akasimama mikono imening'inia. Komeo lilikuwa mbele ya kifua chake, hakuligusa. Alikuwa ananisubiri mimi. Nikamfungulia, akashika njia ya Kidatu, upande wa milima. Mama anayeuza maandazi pale nje mpaka leo anasema alimwona mwanamke akitoka kwetu peku, akadhani ni mgeni wetu wa mazishi au nini. Muulize.

Tatu aliporudi alinikuta nimekaa mchangani na jagi tupu mapajani. Nikamweleza. Hakuniuliza kama nina wazimu, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango. Kwa ndani, matundu ya skrubu za komeo yalikuwa yamezibwa kwa puti ya magari na kupakwa rangi juu, kazi safi, kazi ya mtu aliyetulia kabisa. Kwa nje, alama za pete za kufuli. Na chini, usawa wa mtu aliyekaa sakafuni, rangi imekwanguliwa mpaka kwenye ubao. Zaidi ya hapo, ndani kutupu. Kisha tukaigeuza karavani ile kuiweka kivulini, mimi na Tatu peke yetu. Ilikuwa nyepesi kama toroli.

Hatukulaza damu. Kulipokucha tulipanda pikipiki ya Tatu mpaka Kilosa. Mzee tulimkuta barazani. Tatu kalelewa vizuri, mdomo wake ulishaanza kuamkia, nikamfinya mkono. Mimi shikamoo sikuitoa. Unajua uzito wa jambo hilo huku kwetu? Tangu nipate akili sijawahi kusimama mbele ya mvi nikanyamaza. Alinyanyua kichwa akiingoja. Hakuipata.

"Ametoka," nikamwambia.

Hakuuliza nani. Aliuliza, "Nani alimfungulia?"

Basi akaanza kujieleza, sauti tulivu, kama mtu anayeeleza mbuzi wake alivyokufa. Yule alikuwa mke wake mdogo. Alikuwa na tabia ya kutoka bila kuaga. Yeye alitaka tu huyo mke atulie kidogo. Kisha mzee akapata safari, akachelewa, homa ikamkuta binti wa watu mle ndani. Mapenzi ya Mungu, eti. Mungu ndiye aliyepaka puti? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa sauti, mtaa ukasikia. Utaniuliza kwa nini hatukwenda kwenye sheria. Twende tukaseme nini, kwamba marehemu alikuja kunywa maji kwangu?

Kilichonimaliza si yeye. Ni jirani yake, bibi mmoja, aliyetufuata mpaka kwenye pikipiki. Akatueleza, akichezea pindo la kanga yake, kwamba walikuwa wakimsikia. Mchana kutwa alikuwa anapiga hodi kutoka ndani ya kijumba kile. Si kupiga kelele, hodi tu, kwa adabu. Na wao walikuwa wakicheka, maana nani anapiga hodi akiwa ndani? Kisha hodi zikakoma. Mama yake alipoteremka kutoka Vidunda kumtafuta, akaambiwa binti yake katoroka na dereva. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Kuna hata mmoja wenu aliyemjibu karibu?" nikamuuliza.

Bibi akajitanda kanga yake kichwani, akarudi kwake.

Vidunda nako tulipanda. Mama mtu alishafariki, ila kwenye nyumba yake anakaa kaka wa yule binti. Akatuambia wiki ile ile niliyomfungulia geti, jua likielekea kuzama, mtu alipiga hodi, mke wake akajibu karibu kutoka jikoni, na hakuingia mtu. Walipokwenda mtungini wakakuta maji yote yamekwisha. Tukamwonyesha picha ya mlango kwenye simu. Alilia yule kaka, na mimi nikalia naye, na hasira yangu haikupungua hata punje.

Sasa naishi kwenye karavani yangu. Komeo ni la shaba, Tatu alilisugua mpaka likang'aa, nimelifunga kwa ndani na kwa nje sikuweka kitu. Nikisafiri mlango unabaki hivyo hivyo, na hakijaibiwa hata kijiko. Wifi siku hizi anapiga hodi. Namwacha asubiri kidogo, kisha namkaribisha. Ila kila nikisikia hodi, popote nilipo, hata kwenye kilio, natazama kwanza imetoka upande gani wa mlango. Na kikombe kile cha bati bado ninacho. Ukikitia maji usigeuke, maana ukigeuka utakikuta kikavu.

Wazee hutuambia sauti usiyoijua usiiitikie. Mimi nakwambia iitikie. Ukisikia hodi imetoka mahali ambapo hodi haitoki, usicheke, usiongeze sauti ya redio, sema karibu na uende ukatazame, mwenye hodi angali hai. Na wewe unayehamisha komeo upande wa nje ukaziba matundu kwa puti, elewa kwamba iko siku mlango huo utashikwa na mtu anayejua kuubandua.

Yule mzee yuko hai. Binti yake ndiye aliyenipigia simu. Anasema tangu siku tuliyokwenda baba yake hawezi kutoka chumbani kwake. Mlango uko wazi, hakuna aliyemfungia, lakini anafika kizingitini miguu inagoma, anasimama pale anapiga hodi, mchana kutwa. Watoto wamemjibu karibu, majirani wamemjibu, yule bibi naye kamjibu, hatoki. Wanaamini ni sauti yangu inayotakiwa. Huyo binti ananibembeleza, dada, neno moja tu, hata kwa simu. Jana kapiga simu tena, na nyuma yake nikamsikia mzee mwenyewe, kwa adabu kabisa, anapiga hodi.

Nilikata simu. Hasira ikinitoka nitakwenda, nitalisema hilo neno. Bado haijanitoka.