Koti la Kukulia

Kwenye mitumba ya Buguruni, Jumamosi, nilikuwa nikichagua suruali alipofika bibi mmoja na mjukuu wa kike aliyemlea mwenyewe. Aliomba koti la baridi lisilopitisha maji. Mtoto alikuwa anakwenda kuishi Norwe kwa mama yake.

Muuzaji akachomoa jekundu. "Hili ndo la majuu, Bibi. La kuteleza kwenye theluji." Akalimiminia maji ya chupa, yakateleza kama juu ya jani la mgomba.

Mtoto akavalishwa palepale juani, jasho likamtoka. Mikono ya koti ilimfunika vidole, pindo likamfika magotini.

"Humu anaogelea, Bibi," muuzaji akacheka. "Koti la baridi likipwaya, upepo unaingia. Chukua hili dogo."

"Nipe hilohilo. Atalikulia."

"Si mama'ke atamnunulia jingine huko?"

"Atamnunulia. Hili nanunua mie."

Akapiga magoti, akaikunja ile mikono mara tatu, taratibu. "Kila mwaka unakunjua mkunjo mmoja. Umesikia?"

"Ikiisha yote narudi, Bibi?"

Bibi akanyoosha pindo lililokwisha kunyooka. Muuzaji akaacha kucheka, akatafuta mfuko.

Sisi huwanunulia watoto nguo kubwa ili kubana matumizi. Nami nilikulia ndani ya mashati ya namna hiyo. Yule bibi hakuwa akibana chochote. Alikuwa akinunua miaka mitatu ya kukumbukwa.

Lakini muuzaji alisema kweli. Upepo utaingia.