Tuta la Kando ya Kijito

Ule ulikuwa mwaka wa bukari ya mihogo mitupu. Unga wa mahindi ulipotea Kolwezi, tukasonga ugali wa mihogo myeusi iliyoletwa na treni kutoka Mutshatsha, na majani yake, sombe, tulikula bila mafuta. Parokia ilipofungua bustani ya mafundisho kando ya kijito, mi nilikuwa wa kwanza kuomba tuta. Ulitakiwa kuhudhuria masomo na kupanda miti ukingoni, maana wachoma makala ya kupikia walikuwa wameacha pale visiki tu. Monitere akifundisha, kila mama anarudia kazi mbele yake. Asiyerudia, tuta lake linapewa mwingine.

Nililima. Kabichi zangu zilikuwa nono kama vichwa vya batoto. Nilijisifu, sikatai.

Kisha monitere alihamishiwa Dilolo, na aliyeshika nafasi yake ni bwana wa binti yangu.

Kwetu mama mukwe hali mbele ya mukwe wake. Akimwona anakuja, anaacha njia, anajificha nyuma ya nyumba. Sasa mimi niiname mbele yake kuhamisha miche ya nyanya, matako juu? Asubuhi ile alifundisha huku anatazama miti, maskini, jasho linamtoka. Zamu yangu ilipofika, bamama wawili wakanishikia kikwembe kama pazia.

"Mama, yeye anafundisha nyanya," mmoja akanichekelea. "Matako yako hayako mu somo."

Nikainama. Upepo ukapiga, pazia likawatoka mikononi, na kikwembe changu cha kiunoni nacho kikafunguka. Mukwe wangu aliniona. Aliangusha ndoo, akakimbilia kijitoni kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Hakuna aliyecheka tena. Nilifunika uso kwa mikono yote miwili, mwenzangu akanifunga kama mutoto.

Mama kiongozi wa bustani akanisogelea polepole, akaniita kwa heshima ya siku zile.

"Sitwayeni, imebaki miche kidogo tu. Maliza, tuta libaki yako. Batoto yako batakula nini?"

"Siinami tena mbele ya mukwe wangu."

"Tutamwambia afumbe macho."

Nilizitazama zile kabichi. Nilijua nani angezivuna: mama mmoja asiye na tuta, alikuwa amesimama palepale, anaangalia chini. Nikaweka jembe.

"Siinami tena mbele ya mukwe wangu."