Maua Ambayo Mbuzi Hawakuyagusa

Mbuzi wa mtaa wa Mama Laurette, Kalemie, walikuwa wamekula majani ya mihogo yake, shuka mbili na katekisimu nzima. Yale maua mekundu ya kando ya uzio hawakuyagusa. Aliona ni neema, akayapanda kuzunguka kiwanja chote, na kwa miaka kumi na tisa akawa anayapeleka kanisani kila Jumamosi, kuyapanga kwenye chupa miguuni pa Bikira.

Maji ya chupa hayakumwagwa. Kikundi cha sala kiliyagawana: kijiko kimoja kwa homa, viwili kwa mkosi. Yalitapisha, na kutapika kukahesabiwa kuwa ndiyo dawa yenyewe inafanya kazi. Basile, mbeba mizigo wa bandarini, alikuwa na mkosi mwingi. Alikunywa kikombe.

Alitapika, akasema taa ina duara la manjano. Moyo wake ukawa unapiga na kupumzika. Siku ya pili ukapumzika moja kwa moja.

Kikundi hakikuhangaika kutafuta sababu. Basile aliishi na shangazi yake Thérèse, mjane mzee mwenye macho mekundu. Akaitwa mchawi, akapewa mpaka Jumapili ahame mji, la sivyo nyumba ingechomwa naye akiwa ndani.

Ijumaa, muuguzi Germain alipita kwa Laurette, akasimama kwenye uzio.

"Mama, haya njo maua gani?"

"Ya Bikira."

Germain alilishika jani moja kwa kipande cha gazeti: jembamba, gumu kama ngozi, yakiota matatu matatu kwenye shina. "Laurier-rose. Usilambe vidole. Hata maji yaliyokaa na shina lake yanasimamisha moyo wa muntu."

Laurette aliogopa siku mbili. Jumapili, baada ya misa, alisimama mbele ya wote.

"Basile aliuawa na maua yangu. Muache Mama Thérèse."

Papa Hippolyte, mkuu wa kikundi, alimsikiliza kwa heshima. "Miaka kumi na tisa tunakunywa, Mama. Sasa nani aliyatia sumu?"

Wote wakamgeukia Thérèse, aliyekuwa mlangoni na furushi lake.

Laurette alimsindikiza mpaka kwenye boti ya kwenda Moba.

"Ulijua tangu lini?" Thérèse aliuliza.

"Ijumaa, Mama."

"Ah. Siku mbili tu," alisema mzee, kama anayemfariji, akapanda.

Jioni hiyo Laurette aling'oa uzio wote wa maua. Kufika Jumatano mbuzi walikuwa wameshaingia. Kanisani, chupa iliwekewa maua ya plastiki kutoka Kigoma na, kwa kuwa watu waliulizia, maji.