Nilimwitia Polisi Mama Mkwe wa Mdogo Wangu

Yapo mambo mtu huyameza akanyamaza nayo, na hili nimelimeza miaka mingi, lakini kwa vile leo mmenikalia kooni na watoto wametoka, basi nitasema, ila asinicheke mtu kabla sijamaliza, maana uso bado unaniwaka nikilikumbuka. Mimi Zarina, mtoto wa Unguja, mwanamke mwenye heshima zangu, nilimwitia polisi mama mkwe wa mdogo wangu kabla hata hajawa mama mkwe, mchana kweupe, ndani ya duka la sonara pale Tooting, huku ughaibuni tulikohamia, mbele ya nusu ya wanawake wa msikitini kwetu.

Mambo yalianzia kwenye televisheni. Miaka ile ya themanini mwanzoni ulikuwepo mchezo wa kila wiki wa tajiri mmoja wa Kimarekani na mkewe, watu wana nyumba ya mtu kupotea ndani, ndege yao wenyewe, na mtumishi wa kuwapikia, na kazi hawana ila kugundua nani kamuua nani. Popote waendapo mtu anakufa (ningekuwa jirani yao ningehama), lakini hawatoki jasho, nywele haziharibiki, na mwisho wanachekeana kama hapakuwa na maiti. Mimi na mume wangu Anwar hatukuukosa hata siku moja. Yeye alikuwa akibeba maboksi ghalani, mimi nikishona makola ya mashati nyumbani, na tuliishi na mama yangu na mdogo wangu Gulshan katika nyumba yenye chumba kimoja tu cha joto, basi saa ile moja na sisi tulikuwa matajiri. Tatizo ni kwamba nikawa hodari. Muuaji nilikuwa namtaja mapema kabisa, na siku moja Anwar akaniambia, "Wallahi Zarina, polisi wanakosa mtu." Kusifiwa kubaya jamani, mwenzenu nikaamini.

Sasa Gulshan. Alikuwa amefika miaka ishirini na saba, na mnajua wenyewe watu wetu wanavyohesabu miaka ya mtoto wa kike. Posa mbili zilikuja zikarudi, maana watu wakija wakiona baba hayupo, nyumba ya kupanga, na mazulia yanaonyesha nyuzi, walikunywa chai yetu wakatokomea. Hii ya tatu ilikuwa ya kijana Nizar, anasomea ufamasia, mpole, na Gulshan alimpenda kweli, nilijua kwa sababu alianza kuimba jikoni. Mama yake Nizar, Bi Khairun, alitoka mtaa wa Thornton Heath na mumewe na mwanawe wakaja Jumapili kula sambusa zetu. Nilikuwa na wasiwasi tangu asubuhi.

Wanaume walikuwa wametoka kuangalia gari la Anwar (lilikataa kuwaka tena), Gulshan yuko jikoni, Mama kapanda juu kuchukua picha za zamani. Mimi ninakuja na sinia, mlango uko wazi kidogo, ninachungulia nione wanahitaji nini, ndipo nikamwona Bi Khairun yuko peke yake, anaifunga bangili ya dhahabu ya Mama kwenye kitambaa cha mkono, anatazama mlangoni, anaitia ndani ya mkoba wake, anaufunga.

Sinia nusura linianguke. Ngojeni niwaambie bangili ile ni nini. Tulipohama Unguja Mama alishona bangili mbili ndani ya pindo la shumizi yake, akatembea nazo mbele ya wakaguzi, na katika yote ya nyumba ya baba yetu zilibaki hizo mbili. Wageni walipoondoka nikapanda mbio kufungua kibati cha Mama anamozihifadhi. Imo moja.

Na hapa ndipo nilipokosea, mapema hivyo. Mama alikuwa chini, hatua kumi na tano za ngazi, nilichotakiwa ni kushuka na kuuliza, "Mama, bangili iko wapi?" Sikuuliza. Nikajiambia Mama ana presha, akisikia atadondoka. Gulshan nikimwambia, ndoa imekwisha. Nisiposema, ninamwoza mdogo wangu kwenye nyumba ya wezi. Wiki nzima makola ninayashona kinyume. Ijumaa nikamsikia Mama kwenye simu na Bi Khairun anasema, "Kesho asubuhi utakuwa Tooting? Haya, Mungu akuwezeshe." Nikamwambia Anwar, "Kesho tunamfuata."

Jumamosi tumekaa garini (siku hiyo liliwaka), Anwar kavaa miwani myeusi na mvua inanyesha, gazeti kalishika juu chini. Bi Khairun akashuka kwenye basi na mwavuli wake, akapita duka la vitambaa, akapita la viungo, akaingia kwa sonara.

"Anakwenda kuiuza!" nikasema.

"Zarina, twende tukamuulize Mama kwanza."

"Wale wa kwenye televisheni ulishawaona wanakwenda kumuuliza mama yao?"

Akakunja gazeti, maskini. Na kwa bahati mbaya yangu akapita polisi kijana, mashavu mekundu, nikashuka nikamshika mkono wa koti, nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba ndani ya duka lile kuna mwizi anauza mali ya mama yangu. Nilipomwona anakaza kofia na kwenda mlangoni nilitaka kumrudisha, lakini maji nilishayavulia nguo.

Duka limejaa, msimu wa harusi. Bi Khairun yuko mbele, na sonara, mzee aliyehama Nairobi, kashika bangili ya Mama kaivika kwenye kijiti cha kupimia. Nikanyoosha kidole.

"Ile! Bangili ya mama yangu!"

Wanawake wote wakageuka, wote ninawajua, mmoja ndiye aliyenifundisha Kurani utotoni. Polisi akamuuliza Bi Khairun kama ile mali ni yake. Akajibu taratibu, "Hapana, si yangu. Ni ya mama yake huyu." (Mimi moyoni: kakiri!) Polisi akamwomba afungue mkoba, na yule mama, na umri wake ule, akaufungua juu ya kioo cha sonara, vikatoka tasbihi, dawa za kikohozi, tiketi ya basi, na karatasi iliyochorwa ua la bangili, juu yake imeandikwa Gulshan.

Hapo akanigeukia akasema kwa Kiswahili, polisi asielewe, "Mama yako kanipa kwa mkono wake, mwanangu. Bibi harusi hapimwi mkono akajua. Huibwa bangili inayomkaa, hupelekwa kwa sonara kuwa kipimo. Hili hulijui?"

Duka zima walilijua. Niliona kwenye nyuso zao, hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi na polisi. Sonara akamweleza polisi kwa Kiingereza kizuri kwamba ni mambo ya familia, polisi akafunga kidaftari chake, akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Bi Khairun akakusanya vitu vyake kimoja kimoja, akaondoka bila kufungua mwavuli.

Nilipofika nyumbani simu za wanawake zilishafika. Gulshan yuko kitandani kajifunika hadi kichwani. Mama kasimama kwenye ngazi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopea presha yako, Mama."

"Basi sasa imepanda."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Wewe? Tungekwambia, Gulshan angejua kabla chai haijapoa."

Siku nane simu ya Thornton Heath haikulia. Jikoni kimya. Siku ya tisa nikavaa buibui, nikapanda basi peke yangu, nikavua viatu mlangoni kwa Bi Khairun, nikakaa chini sakafuni nikambusu mkono na kulia kilio kibaya, cha kamasi. Nikamwambia anitukane mimi, aniharamishie nyumba yake mimi, lakini Gulshan hana kosa.

Aliniacha nilie. Halafu akauliza, "Wewe ulipoolewa walikupima kwa bangili ya nani?"

Nikamwambia hakuna aliyenipima. Niliolewa mwaka tuliohama, Dar es Salaam, kwa nguo ya kuazima, na bangili za Mama zilikuwa bado zimo ndani ya pindo, tunaogopa hata kuzitaja. Dada za Mama walibaki Unguja, wa kunieleza mila hakuwepo. Nilisema hivyo bila kufikiri, na nikaona aibu upya, maana nilikuwa sijawahi kulisema hata kwa Anwar.

Bi Khairun akanipa kitambaa chake nijipanguse. Kisha akaita ndani, "Nizar, tia maji ya chai. Shemeji yako kaja."

Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, na wana watoto watatu. Lakini siku ya kuvishwa bangili, Gulshan kakaa katikati ya wanawake kafungwa macho kwa shela, kama inavyotakiwa, asijue anapewa nini. Shela ikavutwa, kasha likafunguliwa, bangili zinameta, akavishwa, zikamkaa sawasawa, na wanawake wote wakamtazama waone atakavyoshtuka. Gulshan akaweka mkono kifuani, akafungua mdomo, akasema, "Mama yangu! Hizi zangu?" Aliigiza vizuri, hata Bi Khairun akafurahi. Ila macho ya Gulshan hayakuwa kwenye bangili, yalikuwa kwangu, na mimi ndiye niliyetazama chini.

Tangu siku ile nimeapa, nikiona nisichokielewa ninauliza, hata kama ni upumbavu, hata kama mwenye kuulizwa ana presha ya kufa. Furaha ya kushtukizwa mtu huipata mara moja tu, na ya mdogo wangu niliila mimi.