Figo ya Kitinda Mimba

Miaka mitatu nimempeleka mama kusafishwa damu, Jumatatu na Alhamisi, kisha nakimbilia kibandani kwangu kushona sare za shule. Mdogo wangu, kitinda mimba ambaye mama anamwita Malkia, alikuwa akipiga simu. Kupiga simu nako ni kazi, vocha haijiweki.

Daktari aliposema mama anahitaji figo, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Damu yangu ilikubali. Nikatembea kifua mbele. Safari hii mama angeniona, japo kwa ndani.

Malkia akaja na sanduku lake la magurudumu, naye akapimwa. Tukapigwa picha za mishipa siku moja.

"Dada, figo zako ni nzima," daktari aliniambia. "Ila watu wengi kila figo hupata ateri moja, mshipa wa kuipelekea damu. Yako ya kushoto ina tatu, ya kulia mbili. Si ugonjwa, umezaliwa hivyo."

"Si ndiyo vizuri? Damu tele."

"Kwako, sawa. Kwa mama, kila moja itabidi ishonwe. Tukichelewa, figo inakaa bila damu, na hizi nyembamba huziba upesi. Mdogo wako ana moja tu, nene."

Mimi mwenyewe huwaambia wateja kwamba nguo ikiachia, huachia kwenye mshono.

Nilimwonea wivu, nisidanganye. Nimemwonea tangu aliponishusha mgongoni mwa mama, na sasa nilimwonea hata mshipa. Nikaomba, Mungu anisamehe, aingiwe na woga abebe sanduku lake arudi.

Hakurudi. Siku ya upasuaji alinishika mkono pale mlangoni.

"Dada, naogopa."

"Jikaze," nikamwambia. Moyoni nikasema, basi nipe mimi hiyo nafasi.

Mama alipozinduka, mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda, nimeshika bakuli la matapishi. Mshono wa daktari ulikuwa umeshika, na mkojo ulikuwa ukiingia kwenye mfuko. Mama akapapasa bandeji iliyokuwa chini ya tumbo, akatabasamu.

"Malkia wangu," akasema. "Huyu mtoto ananipenda."

"Ndiyo, mama," nikasema, nikamfuta mdomo.

Mfuko wa mkojo ulikuwa umejaa. Nikaenda kuumwaga.