Babu na Spika za Gari Lake

Usiku ule nililala nimenuna. Nyumba nzima tulikuwa tumenuna, na sababu ilikuwa gari la marehemu babu.

Gari lenyewe ni la zamani, jeupe, la mviringo kama birika. Babu aliniachia mimi kwa kuwa mimi pekee nilikuwa na subira ya kuliwasha asubuhi za baridi za Kondoa. Ndani yake kuna redio iliyotoka nalo kiwandani, yenye vifundo viwili vyeupe na mstari mwekundu unaotembea juu ya namba. Redio nzima kabisa. Spika ndizo zilizokuwa zimekwisha. Karatasi zake zilikuwa zimechanika, hata msomaji wa taarifa ya habari ukadhani anasoma akiwa amefunikwa blanketi na kukabwa koo kidogo.

Mdogo wangu Rehema alikuwa anaolewa wiki ile, na gari hilo ndilo lingembeba. Baba mdogo Seif akanunua redio mpya yenye kioo cha kuonyesha picha, akasema ile ya zamani itupwe. Bibi akasema hakiguswi kitu, si redio, si spika, si skrubu.

"Vidole vya mume wangu viko pale," alisema. "Mkifungua hata msumari mmoja, mimi harusini siendi."

Mimi nilitaka redio ibaki na spika zibadilishwe, kwa hiyo wote wawili waliniona msaliti. Fundi alikuwa anakuja asubuhi yake, na hakuna aliyejua anakuja kufanya nini.

Basi nikalala. Nikajiona niko uani, mchana kweupe, gari limeoshwa linang'aa. Babu alikuwa ameketi kiti cha nyuma, yeye ambaye uhai wake wote hakukubali kuketi nyuma. Nilijua kwamba amekufa, naye alijua kwamba najua, ila tukaona si jambo la kuzungumziwa.

"Mke mdogo," akasema, maana ndivyo alivyozoea kunitania. "Washa redio. Kuna mpira."

Nikaingia mbele, nikazungusha kifundo. Mstari mwekundu unatembea, unasimama penyewe, na sauti ya mtangazaji inatoka kwa mikwaruzo, kama mtu anayeburuta bati juu ya mawe. Ghafla mtangazaji anapiga ukelele. Babu anashika kiti changu kwa mikono miwili.

"Nani kafunga?"

"Sijui, Babu. Haisikiki."

"La kwetu au la kwao?"

"Huenda si goli. Huenda ni tangazo la sabuni."

Babu anafumba macho kama mtu aliyeumwa jino. Gari sasa linatembea, na sijui nani analiendesha, maana mimi nimegeuka namtazama yeye. Tunapita sokoni. Wauza vitunguu wanainuka, "Shikamoo, mzee," naye anawaitikia kwa kuinua kidole kimoja tu, sikio lake bado limeelekea kwenye spika. Kisha hakuna soko. Tumo chumbani kwa Bibi, na gari limesimama kando ya kitanda chake kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Sikushangaa lilivyopita mlangoni.

Bibi yumo ndani ya chandarua, amelala chali. Anakoroma. Redio inakwaruza, yeye anakoroma, wanapokezana.

"Sikiliza mwenyewe," Babu ananinong'oneza. "Kila nikija ni hivi. Nimemwita kwa jina lake. Nimemwita kwa jina nililompa wakati wa fungate. Nimekohoa. Safari moja nilimvuta kidole cha mguu, akanipiga teke."

Nikacheka. Babu hakucheka. Aliinama mbele, akaweka kiganja juu ya redio, na mkono wake ulikuwa safi, una majimaji, kama mtu aliyetoka kutawadha.

"Hii niliichagua mwenyewe. Iacheni," akasema. "Hizo spika zing'oeni. Zilianza kuchoka nikiwa hai, nikawa naahirisha, mpaka nikafa. Mwambie bibi yako mimi simo ndani ya karatasi iliyotoboka. Mwambie nataka asikie."

"Asikie nini, Babu?"

Anafungua mdomo kunijibu. Namwona anavuta pumzi, na macho yake yamelainika, hayako kwangu, yako kwenye chandarua. Mara mtangazaji anapiga ukelele mwingine. Babu anaruka kitini.

"Nani kafunga?"

Nikaamka.

Bibi nilimkuta jikoni anakoroga uji. Baba mdogo alikuwa ameshafika, ameketi juu ya boksi la redio yake kama anayelinda yai. Nikasimulia yote, isipokuwa kipande kimoja. Bibi akaacha kukoroga.

"Amekuja kwako?" akauliza polepole. "Mimi kila siku namsomea dua. Mlango wa chumba sifungi komeo. Yeye anakwenda kwa mke mwenzangu, kuzungumza habari za spika?"

Nikaona sauti yake inataka kukatika, na nikajua kile kipande lazima nikitoe.

"Kwako anakuja kila mara, Bibi. Ila anasema hamuonani. Anasema... unakoroma."

Baba mdogo akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Alisema hivyo? Mbele yako?"

"Ndiyo, Bibi. Anasema siku moja alikuvuta kidole cha mguu, ukampiga teke."

Bibi akaketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa upande wa khanga. Nilidhani nimemliza. Ni kweli nilimliza, lakini khanga ilipoteremka alikuwa pia anacheka, machozi yakiteremka kwa njia zake.

"Ndiye," akasema. "Mzushi vilevile. Mimi tangu nizaliwe sijakoroma." Akajifuta. "Fundi akija, atoe spika. Redio asiiguse hata kwa kitambaa."

"Na hii yangu, mama?" Baba mdogo akauliza.

"Ipeleke kwako, ukatazame picha na mkeo."

Fundi alileta spika za ukubwa uleule, zinazochukuana na nguvu ndogo ya redio ile ili isije ikaungua, akazificha nyuma ya wavu wa zamani. Ukitazama, huoni kilichobadilika. Bibi alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, akanipa ruhusa ya kuwasha. Sauti ikajaa ndani ya gari, safi, kama mtu aliyeketi katikati yetu anasoma hali ya hewa. Bibi akasikiliza mikoa yote mpaka ya mwisho.

"Kumbe huyu mtangazaji ni mwanamke," akasema.

Jioni, nilipokwenda kumtakia usiku mwema, aliniomba mto wa pili. Nikamuuliza wa nini.

"Nasikia mtu akiinua kichwa," akasema, akiupigapiga ule mto bila kunitazama, "usingizi wake unakuwa wa kimya."

Nikamzimia taa. Mlango nikauacha wazi.